Rasi ya Mahale: Mlima, Maji na Watongwe

Rasi ya Mahale imo katika ufuko wa mashariki wa Ziwa Tanganyika, kilomita zipatazo 120 kusini mwa Kigoma, na sehemu yake kubwa iko ndani ya Wilaya ya Uvinza. Kutoka Ujiji ufuko unashuka kuelekea kusini, ukipita mdomo wa mto Malagarasi na majabali ya Kabogo, kisha ukifika maeneo ya Lagosa na Buhingu unaanza kutoka nje, ukielekea magharibi na kuingia majini. Ardhi hiyo iliyotokeza ndiyo rasi yenyewe. Upande wake wa kusini, kuelekea Sibwesa na Kalya, ufuko unarudi tena mashariki. Si rasi nyembamba yenye shingo, ya kuonwa mara moja kwenye ramani. Ni pana na nzito, na karibu yote ni mlima. Safu ya Mahale inaikata kutoka kaskazini-magharibi hadi kusini-mashariki, na kilele chake kirefu, Nkungwe, kina mita 2,462 juu ya usawa wa bahari. Uso wa ziwa uko kwenye mita zisizozidi 780. Kwa hiyo mvuvi aliye kwenye mtumbwi wake karibu na ufuko wa Kasiha akiinua macho anaona ukuta wa kijani unaopanda zaidi ya mita 1,600 kutoka mahali alipo, na ukungu mara nyingi umekiziba kilele.

Mlima huo ndio uliopanga habari zote za mahali hapo: nani afike, mvua inyeshe wapi, mnyama gani aishi upande gani, na watu walime wapi. Reli ya kati ilifika Kigoma mwaka 1914. Barabara za lami zinapita njia panda ya Kidahwe, ambako anayekwenda Kasulu huachana na anayekwenda Uvinza. Lakini Mahale ilibaki nje ya mitandao yote hiyo. Barabara ya udongo inayopita Simbo na Ilagala kwenda Kalya ililazimika kwa miaka mingi kuvuka Malagarasi kwa kivuko, na nyakati za mvua vipande vyake hugeuka tope. Inauzunguka mlima kwa nyuma, haiingii. Ndani ya hifadhi yenyewe hakuna barabara. Mgeni, mtafiti na askari wa wanyamapori wote huenda kwa miguu.

Njia ya kweli ya kufika huko tangu zamani ni maji. Wapiga kasia wa Ujiji waliijua vizuri, na waliijua pia hofu yake. Kabogo, lile jabali lililo kati ya Malagarasi na Mahale, lilikuwa na sifa ya mlio mzito kama wa ngurumo, ambao mawimbi huutoa yakiingia katika mapango ya mwamba, na wapitaji walikuwa wakitupa shanga majini kumtuliza mwenye mahali. Livingstone na Stanley, baada ya kukutana Ujiji mwaka 1871, walishuka kwa mitumbwi kufuata ufuko huo hadi nchi ya Watongwe, ndipo wakakata bara kuelekea Tabora. Walitaka kukwepa hongo iliyotozwa katika njia ya Uvinza. Karne iliyofuata ilileta meli. Ile ambayo Wajerumani waliijenga Papenburg mwaka 1913, wakaileta kwa vipande hadi Kigoma, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916, ikaibuliwa na Waingereza mwaka 1924 na kurudi kazini mwaka 1927 kwa jina la Liemba, ndiyo iliyokuwa kiungo cha vijiji vya kusini na Kigoma kwa vizazi kadhaa, hadi iliposimama kwa matengenezo. Kwa muda mrefu Lagosa hakukuwa na gati. Meli ilisimama mbali na ufuko, mara nyingi usiku, na boti za mbao ziliisogelea kwa makasia na injini. Wanawake wenye watoto mgongoni, magunia ya dagaa, mikungu ya ndizi na wagonjwa vyote vilipita mlango mmoja wa ubavuni, huku mabaharia wakipiga kelele. Leo mzigo mwingi hubebwa na maboti ya mbao yenye injini yanayotoka Kigoma na Ujiji, na safari huchukua saa nyingi za jua, mvua au upepo.

Ziwa ambalo rasi hii imelala juu yake ni la pili duniani kwa kina, likizidiwa na Baikal pekee. Lina urefu wa kilomita 673 na sehemu yake ya kina kikubwa inafika mita 1,470. Limekaa katika ufa wa ukoko wa dunia, tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na umri wake unakadiriwa kuwa kati ya miaka milioni 9 na 12. Mahale ni mtoto wa nguvu ileile: ardhi ilipopasuka na upande mmoja kuzama, kipande cha pembeni cha miamba ya kale sana kiliinuliwa. Mlima na shimo ni kazi moja. Ndiyo maana ufuko wa magharibi wa rasi una fukwe fupi tu za mchanga mweupe, zikikatwa na mawe, na hatua chache kutoka hapo sakafu ya ziwa inapotea. Vijito vinavyoshuka mlimani ni vifupi na vyenye mwendo mkali, maji yake baridi na safi. Mvua kubwa ikinyesha, vinabeba mawe makubwa hadi ufukweni.

Hewa yenye unyevu wa ziwa ikipanda mteremko hupoa na kumwaga mvua, na upande wa magharibi hupata mvua nyingi kuliko nchi kavu za Uvinza na Mpanda zilizo nyuma yake. Msimu wa mvua huanza Oktoba au Novemba na kuishia Mei. Kutokana na maji hayo umeota msitu mnene chini ya mlima, kuanzia ufukweni hadi mita 1,300 hivi, wenye miti mingi ambayo makao yake ya kawaida ni Kongo. Mibungo imetambaa kutoka mti hadi mti, na matunda yake ya manjano yenye uchachu ni chakula kikuu cha sokwe msimu wa mvua. Juu zaidi msitu hubadilika: baridi inaongezeka, miti inavaa kuvu na kangaga, mianzi inatokea, na karibu na vilele kuna nyasi tupu za mlimani. Lakini anayevuka mgongo wa safu na kutazama mashariki anaona nchi nyingine kabisa. Ni miombo: mininga, mitundu, nyasi ndefu, vumbi jekundu, moto wa kiangazi. Ni nchi ya asali na ya mbung'o.

Kwa hiyo rasi hii ni kiungo cha dunia mbili za Afrika, na wanyama wake wamegawanyika kwa namna hiyo. Upande wa misitu wanaishi sokwe, mbega wekundu, kima wa aina mbalimbali, nguruwe pori, pongo, na chui. Upande wa miombo wapo tembo, nyati, palahala, korongo na simba. Mpaka si wa chuma. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti walikuta nywele na mifupa ya sokwe katika kinyesi cha simba waliokuwa wameingia msituni, jambo ambalo hadi wakati huo wengi hawakulidhania. Nyani na ngedere wanatembea pande zote mbili bila kuuliza. Katika nyanda za juu yupo mbega mweusi na mweupe, aliyetengwa na jamaa zake wa mbali kwa mamia ya kilomita za nchi kavu.

Chini ya maji kuna utajiri unaoizidi hata misitu, ingawa wageni wengi huupita juu bila kuujua. Ziwa Tanganyika lina aina zipatazo 250 za samaki wa jamii ya ngege na sato, na karibu zote hazipatikani popote pengine duniani. Kila kipande cha ufuko wenye mawe kina wakazi wake. Samaki wadogo wanaokula mwani juu ya mawe hawathubutu kuvuka mchanga mpana, kwa sababu kwenye uwazi wataliwa. Basi ghuba moja ya mchanga inatosha kuwatenga ndugu kwa maelfu ya miaka, na upande wa pili wanakuwa na rangi nyingine. Katika ufuko wa Mahale, ambako mawe na mchanga hupishana kila mara, mambo haya yanaonekana ndani ya umbali mfupi. Kuna samaki wanaotaga katika makombe matupu ya konokono na kuyalinda, wako wanaoficha vifaranga mdomoni, na yuko kuhe, mkubwa kuliko wote wa jamii yake, ambaye dume na jike hulinda watoto pamoja bila kula mpaka wanadhoofika. Nyoka wa maji, aina ya swila, huwinda kati ya mawe. Hifadhi ya Taifa imejumuisha ukanda wa maji wa kilomita 1.6 kutoka ufukweni, ambamo uvuvi umekatazwa. Huo ni uamuzi wa busara ambao hifadhi nyingi za zama zile hazikuufikiria.

Katikati ya ziwa maisha ni ya namna nyingine. Kule wapo dagaa na anayewala, mgebuka, na hao ndio wanaolisha Kigoma. Kuanzia Mei hadi Septemba upepo wa kusini husukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na upande wa kusini maji baridi ya chini, yenye rutuba iliyozama, hupanda. Upepo ukilegea, maji hayo ya baridi huyumba nyuma na mbele kwa majuma mengi chini ya uso uliotulia. Viumbe vidogo sana vya majini hustawi, dagaa huvifuata, migebuka huwafuata dagaa, na wavuvi huwafuata wote wawili. Chini ya mita 100 hadi 200 hakuna hewa ya kutosha kwa samaki kuishi. Maisha yote ya ziwa hili kubwa yamo katika tabaka jembamba la juu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kuwa maji yamepata joto katika karne ya 20 na kwamba kuchanganyika kwa maji ya juu na ya chini kumepungua, maana yake rutuba inayopanda ni kidogo. Wavuvi wa vijiji vya rasi hawakuhitaji kusoma utafiti ili kujua kwamba usiku wa sasa huleta kidogo kuliko wa baba zao, ingawa sababu si joto pekee: nyavu zimekuwa nyingi, na matundu yake madogo.

Wenyeji wa rasi ni Watongwe. Majirani zao wa kusini ni Wabende, wanaokaribiana nao sana kwa lugha na desturi, na ufukweni wapo Waholoholo, ambao asili yao ni ng'ambo ya ziwa na ambao walikuja na ujuzi wa mitumbwi na nyavu. Baadaye walifika Wabembe kutoka Kongo, Waha kutoka kaskazini, na wengine waliokimbia vita. Ufuko umekuwa mlango wazi siku zote. Chumvi ya chemchemi za Uvinza ilisafiri kwa mitumbwi hadi Kongo, mawese na watu vikaja upande huu, na katika karne ya 19 njia zilezile zilibeba pembe za ndovu na watumwa.

Maisha ya Watongwe mlimani yalikuwa ya aina ambayo watu wa mipango hawaielewi kwa urahisi. Vijiji vyao vilikuwa vidogo, nyumba mbili hadi kumi hivi, na kati ya kijiji kimoja na kingine palikuwa na mwendo mrefu wa miguu. Walifyeka mashamba ya mahindi katika misitu ya mabondeni na ya mihogo katika miombo, wakalima miaka michache, kisha wakahama na kuiacha ardhi ipumzike kwa muda mrefu. Waliwinda, walivua, walitundika mizinga. Ng'ombe hawakuwa nao, kwa kuwa mbung'o hawakuruhusu. Makoto Kakeya, mwanaanthropolojia wa Japani aliyeishi nao mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliona kwamba kila nyumba ililima chakula cha kuitosha na si zaidi sana, na kwamba sehemu kubwa ya chakula ililiwa na wageni waliopita, huku mwenye nyumba naye akila kwa wengine aliposafiri. Aliyekuwa na kingi alitarajiwa kugawa. Aliyejilimbikizia aliogopa kijicho na uchawi. Nkungwe palikuwa mahali patakatifu, makao ya mzimu mkuu, na miti mikubwa, vilele na maporomoko ya maji yalikuwa na wenyewe wasioonekana. Hapakulimwa ovyo wala hapakukatwa ovyo.

Msitu ambao dunia inaustaajabia leo ulikuwa umekaliwa wakati wote huo. Haukuhifadhiwa kwa kukosa watu. Ulibaki kwa sababu watu waliokuwemo walikuwa wachache, walihama, na walikuwa na adabu nao. Ni kosa la mara kwa mara la vitabu vya safari kuiita nchi kama hii pori lisiloguswa, na kosa hilo lina madhara, kwani nchi isiyokuwa na historia ni rahisi kuichukua.

Watongwe walihamishwa zaidi ya mara moja. Serikali ya kikoloni ilikuwa imewakusanya watu wengi wa magharibi ya Tanganyika katika makazi ya pamoja ili kupambana na malale. Katikati ya miaka ya 1970 ikaja Operesheni Vijiji, na familia zilizokuwa zimetawanyika mlimani na katika eneo la Kasoje zikaletwa kwenye vijiji vikubwa vya ufukweni. Mwaka 1985 Mahale ikatangazwa Hifadhi ya Taifa yenye kilomita za mraba 1,613, na hapo mlango wa kurudi ukafungwa. Nia ya vijiji ilikuwa shule, zahanati na maji, na shule zilikuja. Lakini mkulima wa mabondeni aliyezoea kuacha shamba lipumzike alijikuta katika ufuko mwembamba wenye majirani mamia, na makaburi ya wazee wake yakawa ndani ya mpaka usiovukwa bila kibali. Hilo halifutwi na uzuri wa matokeo. Mashamba ya Kasoje yaligeuka vichaka, kisha msitu mchanga. Maembe, mapera na malimau yaliyopandwa na wanakijiji yaliendelea kuzaa bila wenyewe. Sokwe, ambao mwanzoni waliyapita tu, walianza kuyala mwanzoni mwa miaka ya 1980, mmoja akijifunza kwa mwingine.

Sokwe ndio walioifanya Mahale ijulikane. Mwaka 1965, miaka mitano baada ya Jane Goodall kuanza kuchunguza sokwe wa Gombe, kijana wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Toshisada Nishida, mwanafunzi wa Junichiro Itani, alifika Kasoje. Mwaka uliofuata alifaulu kuwazoesha sokwe kwa miwa, na kazi aliyoianza inaendelea hadi sasa, zaidi ya miaka 50 baada yake kuingia msituni na miaka kadhaa baada ya kifo chake mwaka 2011. Nishida ndiye aliyeonyesha kwamba sokwe wanaishi katika makundi yenye mipaka, kwamba madume hubaki walikozaliwa, na kwamba majike wakikua huhamia kundi jingine. Alishuhudia pia jinsi kundi dogo la K lilivyofifia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980, madume yake wakitoweka mmoja mmoja, na majike wakahamia kwa jirani mwenye nguvu, kundi la M, ambalo ndilo wageni wanaloliona siku hizi.

Jambo lililoshangaza wataalamu zaidi ni tofauti kati ya sokwe wa Mahale na wale wa Gombe, ingawa umbali kati yao hauzidi kilomita 200. Gombe, sokwe hula chikichi kwa furaha. Mahale, michikichi ipo na chikichi zake haziguswi. Gombe huvua mchwa katika vichuguu kwa vijiti. Kundi la M huvua sisimizi wakubwa wanaoishi ndani ya miti. Mahale wawili wakichambuana manyoya hushikana mkono mmoja juu ya kichwa, kila mmoja akimchambua mwenziwe kwapani kwa mkono uliobaki. Gombe hilo si desturi. Mlima, mto na miaka vimewafanya kuwa watu wa kwao, kama vile Mtongwe na Muha wanavyotofautiana kwa vyakula na maamkizi.

Elimu hiyo yote haikutoka Kyoto peke yake. Watafiti walipofika hawakujua mti wala njia. Waliowaongoza ni Watongwe waliozaliwa mle mle. Orodha ya mimea iliyochapishwa na Nishida na Shigeo Uehara mwaka 1981 ilipangwa kwa majina ya Kitongwe, na maelfu ya kurasa kuhusu chakula cha sokwe zimesimama juu ya majina hayo. Mfano mkubwa kuliko yote ni wa Mohamedi Seifu Kalunde, askari wa hifadhi na mganga wa tiba za asili. Mwezi wa Novemba 1987 yeye na mtafiti Michael Huffman walimfuata sokwe jike aliyeitwa Chausiku, mgonjwa, mlegevu, aliyelala mchana. Chausiku akaenda kwenye kichaka cha mjonso, akamenya ganda la tawi changa, akatafuna kiini kichungu, akameza utomvu na kutema nyuzi. Seifu akamweleza mwenziwe kwamba huo ni dawa: Watongwe hunywa maji yake kwa tumbo, homa na minyoo. Siku iliyofuata mgonjwa alikuwa na nguvu tena. Makala yao ya mwaka 1989, yenye majina ya wote wawili, ilifungua tawi zima la utafiti juu ya wanyama wanaojitibu, na maabara baadaye zikathibitisha kwamba uchungu ule una kemikali zinazodhoofisha minyoo.

Kwa Seifu wazo hilo halikuwa geni. Babu yake, Kalunde, alikuwa mganga mashuhuri, na katika ukoo wao ilisimuliwa jinsi alivyomwona nungunungu mgonjwa akichimba na kula mzizi wa mulengelele, mmea ambao watu waliuogopa kwa sumu. Kijiji kilikuwa kinaugua kuhara damu. Kalunde aliuonja mwenyewe kwanza, mbele ya watu, ndipo akawapa wagonjwa. Kisa hiki kinastahili nafasi katika vitabu vya sayansi vya shule za Kigoma, kwa kuwa kina kila kitu: kuangalia, kushuku, kujaribu, na kubeba hatari ya jaribio mwenyewe kabla ya kumpa mwingine.

Ukaribu wa binadamu na sokwe una gharama. Katikati ya mwaka 2006 ugonjwa wa njia ya hewa, wa aina ambayo watu huambukizana kwa kukohoa, uliingia katika kundi la M, na sokwe wapatao kumi na wawili walikufa au hawakuonekana tena. Tangu hapo kila anayewasogelea huvaa barakoa, hukaa umbali wa mita kumi au zaidi, na hutazama kwa saa moja tu. Anayekohoa hubaki kambini. Ni masharti mepesi ukilinganisha na msiba uliokwisha kutokea.

Vijiji vya Katumbi, Kalilani, Buhingu, Lagosa na vile vya kusini vinaishi kwa dagaa, mihogo na mawese. Giza likiingia katika siku zisizo na mbalamwezi, boti hutoka na taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa nyingi ni za sola. Dagaa hukusanyika chini ya mwanga, wavu hupandishwa, na asubuhi wanawake huwaanika juu ya mchanga na vichanja. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina nguvu, na wavuvi hukaa kushona nyavu. Dagaa wa Kigoma husafiri hadi Dar es Salaam na Lubumbashi, lakini bei ya ufukweni huamuliwa na mwenye boti na injini, na mwanamke anayekausha hana sauti kubwa humo. Mwaka 2024 uvuvi ulisimamishwa ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi nne zinazolimiliki ziwa, ili samaki wazaliane. Samaki walihitaji pumziko hilo. Kaya zisizo na shamba zilihitaji pia chakula katika miezi hiyo mitatu, na mpango wowote wa kurudia kufunga ziwa unapaswa kuanza na hesabu hiyo.

Nyuma ya mlima, suala ni ardhi. Sokwe wengi wa Tanzania wanaishi nje ya hifadhi za taifa, katika misitu ya miombo na mabonde kati ya Mahale, Uvinza na Katavi, na njia zao zinakatwa na mashamba mapya, makundi ya ng'ombe yanayohamia kutoka mikoa mingine, na uchomaji mkaa. Vijiji vingi vimepima ardhi yao na kuweka mipango ya matumizi, vikitenga msitu, malisho na mashamba, na vikundi vya wavuvi vimeanza kulinda mazalia ya samaki karibu na nyumbani. Upande wa Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyozunguka misitu ya milima ya Ntakata, katika nchi ya Watongwe na Wabende, vinauza hewa ukaa: msitu unaobaki umesimama hupimwa, na fedha huingia katika akaunti za vijiji. Zimejenga madarasa na zahanati, na zinawalipa vijana wanaofanya doria msituni. Katika doria hizo wanakijiji wanaingia msitu wa wazee wao kama wenye mamlaka juu yake, jambo ambalo ndani ya mipaka ya rasi yenyewe halijawahi kurudi tangu mwaka 1985.